Nafasi ya Mwandawiro

Elsie alimshikia mumewe kikombe cha uji. Mwandawiro hakuweza tena kukishika mwenyewe. Viganja vyake vilikuwa vimeota sugu ngumu na kupasuka, na kifua chake kilijaa mabaka meusi. Kwa miaka mingi alikuwa akikoroga sumu ya kupe, ile dawa ya josho la ng'ombe, katika kiwanda kidogo nje ya mji wa Voi. Siku hizi alikohoa karibu kila alipozungumza.

Gibson, nyapara wa kiwanda, alisimama mlangoni pa chumba chao, kando ya kiwanda. Hakuingia.

"Shemeji, lori la mboga linarudi Werugha asubuhi hii. Tajiri amesema mumeo apande, akapumzike nyumbani."

"Akafie nyumbani," Elsie alisema. "Kama Thadeus. Kama Ndambuki. Nao mliwapakia hivi hivi."

"Mimi sijataja kufa."

"Basi mwite daktari wa serikali amwone hapa hapa, karibu na mapipa yenu."

"Daktari huja, shemeji. Huuliza kama kuna mtu amefia hapa. Hakuna." Gibson akainamisha macho. "Usinitie matatani. Akiondoka kwa amani, nafasi yake inabaki kwenu. Obadiah ataingia leo."

Mwandawiro alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Gibson, hata ng'ombe akitumbukia joshoni hutokea upande wa pili. Sisi mbona hatutokei?"

Gibson akaondoka mlangoni.

Obadiah, mdogo wake Mwandawiro, alikuwa nje akinawa uso. Elsie akamfuata.

"Panda lori turudi wote. Mikono ya kaka yako umeiona."

"Nimeiona. Nikirudi nitalima wapi? Matuta yale hayamtoshi hata mama. Na watoto wenu, shemeji, watakula nini?"

Elsie akarudi ndani kumwinua mumewe.

Wakambeba Mwandawiro, wakamlaza kati ya matenga matupu ya kabichi. Elsie akapanda, akamwegemeza kichwa mapajani. Obadiah alikuwa ameshaanza kwenda langoni pa kiwanda, miguu mitupu.

"Wewe! Rudi!" Elsie aliita. "Sakafu ya humo inakula nyayo."

Akaanza kufungua kamba za viatu vya mumewe. Mwandawiro akainua miguu bila kuambiwa, mmoja, kisha wa pili.

Obadiah akavivaa palepale barabarani, akapiga hatua, akakunja uso.

"Vinanibana, kaka."

"Utakonda," Mwandawiro alisema. "Vitakutosha."

Dereva akawasha lori.