Majivu ya Elfriede

Jumatano, tarehe kumi na nne Februari, ndiyo siku mambo yalipomharibikia Hiskia. Punda wake walisimama wenyewe. Mbele yao, chini ya mgunga ukingoni mwa mto Kuiseb, mafiga yake matatu yalikuwa yamezungushiwa kamba mpya ya buluu, pamoja na kibao.

Kibao hakukisoma. Kusoma kulimshinda tangu shule ya misheni. Lakini kamba ya serikali haihitaji herufi.

Mkokoteni ulijaa nara, matikiti ya miiba ya kule kwenye vilima vya mchanga, mengine yakiwa yamekwisha kupasuka. Tangu alfajiri ulivuma upepo wa mashariki, ule unaokausha mate mdomoni. Nara iliyopasuka haingoji kesho. Ikilala, inachacha, ikichacha, mwaka mzima utakula hasira.

Kivulini alikaa Izak, kaka wa marehemu mkewe, na kofia mpya yenye nembo kichwani.

"Shemeji, usivuke."

"Nisivuke nini? Hili jiko la dada yako."

"Najua."

"Unajua, na umekaa hapo kama kuku anayeatamia!"

"Wamenipa ulinzi wa mwezi mmoja, bwana. Usininyang'anye kofia kabla haijapata jasho."

"Yenyewe imekuzidi kichwa. Vua, akili ipumue."

Kutoka hemani alitokea msichana mwenye vumbi mpaka kwenye kope, brashi mkononi. Jina lake Ndapewa, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka mji mkuu. Alimwamkia kwa heshima, akapiga goti kidogo. Hilo lilimuudhi Hiskia zaidi. Yeye aliwapenda wakubwa wasio na adabu. Hao hurahisisha kazi ya kuwachukia.

"Mzee, chini ya majivu yako kuna majivu mengine," alisema. "Na makombe ya baharini. Watu walipika hapa zamani sana, kabla meli ya kwanza haijaonekana pwani."

"Walipika nini?"

"Nara."

"Basi ni sisi hao."

"Huenda, mzee."

"Huenda! Tukiwa hai ni huenda. Tukishakuwa majivu mnatufungia kamba."

Ndapewa alifungua kiganja. Palikuwa na maganda mawili ya mbegu za nara, yote yamebanjwa kwa meno kwenye ncha. "Moja ni la juu," alisema. "Moja limetoka chini kabisa."

Hiskia aliyainua kwenye mwanga. Elfriede, mkewe, alikuwa akikaa upande ule wa pipa la kupikia, akibanja mbegu na kutemea maganda motoni, huku anasema, anasema, hakatizi hata kumeza. Aliyageuza. Akayageuza tena. Yeye aliyezeeka kando ya kinywa kile alishindwa kujua lipi lilitoka humo.

"Majivu haya ya juu mtayapeleka wapi?"

"Ya juu si ya kale, mzee. Tunayaondoa ili tufike chini."

"Nimeuliza mnayapeleka wapi."

Izak aligeuka kuwatazama punda.

"Yanamwagwa," Ndapewa alisema polepole.

Hiskia alicheka, kicheko kikavu. Elfriede alifia kwenye benchi la zahanati akingoja gari la wagonjwa, nalo lilikuwa limechukuliwa kurefusha msafara wa mkubwa wa serikali. Watu wa serikali wakaja na pole zao, wakaja na neno lao: utaratibu. Leo jiko lake limekuwa la kale mno mumewe asipikie, na bado changa mno wao wasilitunze. Hao watu walipimia nini?

"Izak, lete gunia."

"Shemeji, nitafukuzwa..."

"Gunia! Na wewe binti, kama ya juu ni takataka, takataka yangu naizoa mwenyewe."

Ndapewa alikitazama kibao, akayatazama matikiti yanayochuruzika mkokotenini. Kisha akainua kamba kwa mkono wake.

"Kwa viganja tu, mzee. Nikisema basi, ni basi."

Hiskia aliinama akapita. Majivu yalikuwa laini kama unga. Aliyazoa pamoja na maganda, bila haraka, mpaka rangi ilipoanza kuwa ya kutu.

"Basi."

Mkono wake ulibaki wazi juu ya yale mengine, kisha akaurudisha.

Mafiga hakuruhusiwa kuyagusa. Akatafuta mawe mengine nje ya kamba, akamwaga majivu katikati yake, akawasha moto juu yake. Izak alivua kofia, akaupepea. Nara zikakatwa, nyama yake ya manjano ikatokota ndani ya pipa, na harufu ikawaita wote watatu karibu.

Hiskia alitoa mfukoni mbegu za msimu uliopita, akampa Ndapewa bila kumtazama. Msichana akaibanja moja kwa meno, akaangaza huku na huku asijue pa kutemea, mwishowe akatemea motoni.

Hiskia akalitazama lile ganda lililoangukia pembeni mwa majivu.

"Binti," aliuliza, "wenzako wakija kuchimba hapa, hilo lako watalitunza, au watalimwaga?"