Saa Iliyopakwa Mawese

Zamani, kabla Uvira haijajaa simu, hakuna uso uliopigwa foto kwenye studio ya Bonaventure, pale Kalundu, bila kupakwa mafuta ya mawese kwanza. Mtu mkavu hatoki vizuri, alisema mzee. Aliapa kwamba bibi harusi mmoja wa Makobola alimpaka akang'aa hata wavuvi wa ndagala wakazima taa zao, wakidhani kumekucha.

Sasa studio ni ya mjukuu wake, Olga. Asubuhi hiyo Papa Gédéon, muuza saa wa Bujumbura, alimwachia saa moja ya Uswisi ya kumjaribu. Mgongo wa saa ulikuwa wa kioo, na alitaka foto ya karibu kabisa, magurudumu ya ndani yahesabike meno. Ikimpendeza, saa zake zote atapiga Olga. Isipompendeza, kazi itabaki ng'ambo. Angerudi kabla bariera ya mpakani haijafungwa.

Olga akatoka kutafuta kitambaa cheupe cha kutandika. Bonaventure akabaki na saa, akaionea huruma. Kitu cha watu, kikavu hivyo! Akachovya kidole.

Olga aliporudi, akainama kwenye lensi, akaruka.

"Babu! Nani amegusa hii saa?"

"Minye. Si iko inang'aa?"

"Inang'aa nini? Angalia!"

Mzee akachungulia. Alama ya kidole chake imelala juu ya kioo, mistari mipana kama mashamba ya Mutarule yaliyolimwa jana.

"Hii lensi yako iko na matusi," akasema.

Olga akafuta kwa pombe kali. Mafuta yakatoka, lakini kitambaa kikaacha nyuzi, kila uzi kama gogo. Akipuliza kwa mdomo, ukungu. Bonaventure akachomoka mbio hadi kwa jirani, Mama Capitoline, akarudi na poire, ule mpira mwekundu ambao akina mama huwatilia watoto dawa matakoni. Papa Gédéon naye akawa anaingia.

"Mzee, hiyo si ile ya..."

"Mupya, Papa! Haijaona mutoto hata mumoja."

Pu, pu, pu. Nyuzi zikaruka. Olga akapiga.

Gédéon akainamia picha, akahesabu meno ya magurudumu. Kisha mgeni akafungua mfuko wake, akatoa maboksi ya saa.

"Anza na hizi, mama."

Bonaventure akanyoosha mkono kupokea.

"Babu," Olga akasema bila kugeuka, "weye kalia mikono yako."