Jicho Moja Wazi

...na hapa hapa ndipo wanapomnasa mtu, aliwaza, chali mkekani, viganja vikitazama dari, jicho la kulia limefumbwa kama walivyoagizwa na la kushoto limeachwa wazi kidogo, kama mlango wa jirani mbea, maana aliyelala chali hana ubishi, hana pa kukimbilia, vuta pumzi, anasema mwalimu, taratibu, haya, shikilia, sasa achia, na watu wote wanaachia, chumba kizima kinashusha pumzi kama gurudumu lililochomwa msumari, naye anaachia, lakini shingo upande, jicho la kushoto likimfuata mwalimu anavyopita pekupeku katikati ya mikeka, mwanamke mrefu aliyewahi kuwa karani wa benki, na karani wa benki ni mtu aliyefundishwa kutabasamu huku anakunyima, na mbona midomo yake inatikisika, anasema nini huyu peke yake, anahesabu au anaomba? Akiwa anahesabu, sawa. Akiwa anaomba, basi leo ndiyo mwisho, atakunja mkeka ashuke ngazi, apite duka la rangi hapo chini ambalo harufu yake hupanda mpaka huku juu na kuwasha pua, asirudi tena, potelea mbali kifua, kwa sababu yeye na Mungu walishamalizana.

Si kwamba alikataa kuwa yupo, kukataa ni kazi ya wenye nafasi ya kukaa kitako na kubishana, yeye alinuna tu, siku ya kumzika baba, udongo bado uko mikononi, akala yamini kwamba hatamwomba tena kitu, hata chumvi, hatamwomba, hatamshukuru, wala salamu hatamtolea, kila mtu ashike njia yake, na yamini hiyo ameitunza kuliko wengine wanavyotunza ndoa... ila ni tangu msiba ule ule kifua kikaanza kumbana, pumzi inaingia nusu, inafika katikati na kugoma kama punda kwenye mlima, usiku anakaa kitandani anaihonga ipite, mwenzake wa kazi akampiga picha ya kifua, picha safi, kifua kama cha msichana, daktari akaitazama picha, akamtazama yeye, akasema jaribu yoga, yapo mazoezi ya pumzi, kuna mwalimu juu ya duka la rangi. Akaja. Na cha kuudhi ni kwamba inamsaidia, hapa tu, kwenye chumba hiki tu, pumzi inaingia yote mpaka chini, kwa nini hapa, kwa nini isiwe jikoni kwake, mazoezi ni yale yale, sakafu ni sakafu, amejaribu nyumbani akaambulia maumivu ya kiuno, basi kuna kitu humu, penye moshi hapakosi moto, na mtu anayepona asijue ameponywa na nini ajue anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Vuta, anasema mwalimu, na anavuta, inaingia, ona, inaingia yote, shetani mkubwa... Dada yake mkubwa naye ana lake, dada anayesali mpaka magoti yakaota sugu, juzi kampigia simu, "Nasikia unakwenda huko. Huko mnamwinamia nani?" akajibu, "Hatumwinamii mtu, dada, tunagusa vidole vya miguu." "Vidole vya nani?" Akacheka mpaka akakohoa, dada hakucheka, dada akasema, "Cheka tu, mdogo wangu, utakuja kujikuta umesujudu na hujui umemsujudia nani," na hilo ndilo lililobaki limemkaa kama mwiba wa samaki, kwa sababu dada anaogopa kwamba humu ameletwa mungu mwingine na yeye anaogopa kwamba humu yumo yule yule, yule wa zamani, waliyemalizana, kaingia kwa mlango wa nyuma amevaa nguo za mazoezi. Ndiyo maana anapeleleza. Kwenye shubaka la dirisha kuna kitu kimefunikwa kitambaa cha manjano, wiki nzima kilimnyima amani, akawahi siku moja kabla ya wenzake akafunua, spika ya muziki, tena imepasuka, lakini hakuridhika, nani anafunika spika mbovu kwa kitambaa kilichopigwa pasi? Na ile mwisho wa kila kipindi, mikono pamoja kifuani, "mshukuruni mnayemshukuru," anasema mwalimu, mnayemshukuru, eti, neno limekatwa kwa kipimo limtoshe kila mtu, na yeye huunganisha mikono ili asionekane mkorofi, halafu moyoni anamshukuru fundi wa feni. Feni yenyewe inayumba.

Shikilia, anasema mwalimu, achia... Hata leo, kabla hawajalala, Bwana Lakini kauliza, mstaafu mmoja mwenye kipara na soksi, hajawahi kumaliza sentensi bila lakini ndipo akapewa jina, kauliza, "Mwalimu, samahani, lakini mtu akiwa hana Mungu, hii yoga itamkubali?" Yeye akajiinua kwa kiwiko ili asipitwe, mwalimu akasema, "Pumzi haiulizi mtu dini, mzee wangu, inaingia tu." "Lakini kama anaye?" "Inaingia pia." Watu wakacheka, Bwana Lakini akaridhika akalala, lakini yeye hakucheka, jibu gani hilo, hilo ni jibu la muuzaji aliyeulizwa kama samaki ni wa leo akajibu kwamba samaki ni mtamu, mtu kaulizwa lazima au si lazima, anajibu pumzi, kimya kingi kina mshindo mkuu na jibu laini lina mfupa ndani, sema lazima tujue, tukunje mikeka, sema si lazima tulale kwa amani, lakini mwalimu akapita zake pekupeku, midomo inatikisika, na sasa yuko wapi... yuko mguuni pa Bwana Lakini, anamnyoosha kifundo.

Vuta pumzi, anasema, jazeni kifua, shikilia, usitikisike... na hilo usitikisike, hilo lina mwenyewe, hilo ni neno lake yeye, la kazini, kila siku ya Mungu... kila siku tu, analisema kutoka nyuma ya ukuta wa risasi unaozuia mionzi, kwenye kidirisha cha kioo kizito, kwa wenye vifua vibovu na vizima, vuta pumzi, shikilia, usitikisike, anabonyeza, picha inapigwa, pumua, kazi yake yote ni hayo maneno na kidole, watu wanamtii bila kumwona kwa sababu kifua kinabandikwa kwenye ubao, kidevu juu, mabega mbele, mgongo ndio unaobaki kwake, amejua watu wengi kwa migongo, na mgongo wa baba aliujua kabla hajajua kusoma, mgongo wa fundi kufuli, umepinda upande mmoja kwa kuchungulia matundu ya funguo... hapana, si leo, achia, mwalimu kasema achia, anaachia. Lakini mgongo umeshaingia na hautoki. Baba, ambaye ndiye aliyemrithisha hii shaka, mzee asiyeamini mlango mpaka autikise mwenyewe, akifunga anarudi, anautikisa, anakwenda kitandani, anarudi tena, mama akimwambia utaung'oa sasa, mzee aliyehesabu chenji mbele ya wajukuu, na huyo huyo alisali kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua, hakutikisa kitu hapo, yeye alikuwa akimtania, "Baba, huko mbona huchungulii tundu?" naye akicheka tu, halafu kile kikohozi, na siku ile kambandika mwenyewe kwenye ubao, kidevu juu, baba, akarudi nyuma ya ukuta, vuta pumzi, shikilia, usitikisike, akabonyeza... na picha ikaja. Ikaja kwenye kioo cha kompyuta mbele yake, daktari hajaiona, mama hajaiona, dada yuko nyumbani anaomba, yeye peke yake duniani ameiona, pafu la kushoto halipo, limejaa weupe tupu, na anajua weupe ule unamaanisha nini kwa sababu kazi yake ni kuujua, akasimama, mkono mdomoni, hakukumbuka chochote, hakukumbuka kama yuko kazini, mpaka alipoinua macho akaona kupitia kioo mabega bado yako juu, shingo imetoka mishipa, mzee na kifua chake kile bado ameshikilia, hajatikisika, anangoja, akatoka mbio, "Baba, pumua! Pumua basi, mbona hupumui?" na baba akaachia, akakohoa, akajifuta midomo, akasema, "Si hujaniambia." "Na kama ningesahau kabisa?" "Ungesahau vipi, nilijua upo hapo," akasema, na kuanza kutafuta vifungo vya shati.

Vuta pumzi, anasema mwalimu, hii ndiyo ya mwisho, jazeni mpaka chini, na anavuta, machozi yanateremka kwa pembeni kuingia masikioni, machozi ya mtu aliyelala chali hayana adabu, na hasira ile ile inarudi, kwamba alipoomba wakati ule, na aliomba, jamani, aliomba mpaka sauti ikakauka, sema neno moja tu, sema tu apumue, huko nyuma ya ukuta kulikuwa kimya, hakuna aliyesema pumua, na kama yupo na akanyamaza basi ni mkatili na kama hayupo basi baba alisali kwa ukuta, moja katika mawili, hilo ndilo lililomlisha yamini... shikilia, anasema mwalimu... ila, ngoja. Ngoja kwanza. Yeye naye alinyamaza. Baba alisimama pale ameshikilia na nyuma ya ukuta kulikuwa kimya, na hakuwa mkatili, na alikuwepo, alikuwepo kuliko siku nyingine yoyote, alinyamaza kwa sababu ameona picha. Na kama... hapana. Kama yule wa zamani naye aliona picha? Kama alisimama huko mkono mdomoni? Wazo hili kaliingiza nani, analishika, analitazama mbele na nyuma, anatafuta alama ya kiwanda, si la dada, dada angeliita kufuru, si la mwalimu, mwalimu kasema pumzi tu, analitikisa kama mlango, analitikisa tena, halifunguki wala haling'oki, na hasemi anaamini, isije kusemwa kwamba alisema, hajamsalimia mtu, yamini iko pale pale, ila kwa mara ya kwanza tangu udongo ule anamwonea huruma, kidogo tu, yule aliyenuniana naye.

Bado wameshikilia. Mwalimu hajasema achia, kapitiwa au anafanya kusudi, huko upande wa dirisha Bwana Lakini ameshindwa kaachia mwenyewe kwa kishindo, mtu mmoja anacheka puani, feni inayumba, harufu ya rangi inapanda, na yeye anasikia nyayo za pekupeku zinakuja upande wake, zinasimama karibu na kichwa chake, hapa ndipo pa kuchungulia, hapa hapa, midomo ile iko juu yake sasa hivi, angefungua kidogo tu angejua inahesabu au inaomba... jicho la kushoto limefumbwa, hajui limefumbwa saa ngapi, kifua kimejaa mpaka chini, hatikisiki, anangoja aambiwe.