Mgeni wa Siku ya Bata Mzinga

Asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, Marlys Hoekstra alichukua bata mzinga wake kwenye kaunta ya supamaketi, bata akiwa ameshapikwa, amepata rangi, kafungwa kwenye boksi pamoja na mchuzi na viazi vya kuponda. Kazi iliyobaki ilikuwa kumpasha moto tu. Marlys alicheka peke yake hadi kwenye gari. Tangu aolewe hakuwahi kula chakula cha siku hiyo kikiwa cha moto. Kila mwaka alikuwa jikoni, kawapa watu mgongo, na sahani yake ikimngoja chini ya foili. Mwaka huu alitaka jambo moja: kukaa mezani na watu wake.

Mumewe Duane na watoto wao wakubwa, Kendra na Todd, walikuwa sebuleni wakitazama mpira. Marlys alimtia bata kwenye oveni, akatundika aproni msumarini, akavaa gauni la bluu, akaja kukaa nao kwenye kochi.

Duane alipunguza sauti ya televisheni. "Karibu, dada," alisema kwa adabu. "Umekuja na Kendra?"

"Mimi simjui," alisema Kendra. "Todd, ndiye huyo uliyekuwa unatuficha?"

"Koma wewe!" alisema Todd. "Atakuwa wa kanisani. Si huwa wanawatafutia watu pa kula?"

"Ni mimi," alisema Marlys. "Marlys."

"Kumbe! Wajina wa mke wangu," alisema Duane. "Subiri amalize huko jikoni mtaonana. Saa hizi usimsogelee, atakurushia mwiko."

Hawakuwa wakitania. Walimtazama vizuri, na uso ule haukuwakumbusha mtu. Angewageuzia kisogo wangemjua mara moja, pamoja na fundo la aproni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kengele ya oveni ilipolia, Todd alinyanyuka mwenyewe, kitu ambacho hakijapata kutokea katika nyumba ile, akamleta bata mezani ili mgeni asingojeshwe. Marlys alipewa kiti cha dirishani na mnofu wa kwanza. Viazi vilimchoma ulimi. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Kisha wakazunguka meza, kila mtu akitaja anachokishukuru. Duane alimshukuru mkewe, ambaye bila yeye nyumba ingekuwa inachechemea. Kendra alielekeza uso jikoni, akapaza sauti: "Mama, tunakupenda!"

"Asante, mwanangu," alisema Marlys.

"Si wewe, shangazi," alisema Kendra kwa upole.

"Mbona haji kukaa nanyi?"

Walitazamana. "Hapendi," alisema Duane. "Raha yake iko kulekule."

"Mmewahi kumuuliza?"

"Dada, ongeza mchuzi, usione haya."

Kendra alipakua sahani ya mama yake, akaifunika kwa foili, akaiweka juu ya jiko bila kuangalia kama mama yumo. Wakala mkate mtamu wa maboga, wakarudi kwenye mpira. Vyombo vilibaki mezani na mafuta yakaanza kuganda. Marlys alingoja aone nani atanyanyuka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu alijipa mwenyewe siku ileile: alivaa aproni, akafungua bomba.

"Mama! Ulikuwa wapi?" Todd aliuliza mlangoni. "Umemkosa mgeni wetu. Kaondoka hata kuaga hakuaga."

"Mama wa watu, ana macho mazuri kweli," alisema Duane, akambusu mkewe kisogoni. "Bata wa mwaka huu alikuwa mkavu kidogo, ila hakulalamika. Mwakani tumwalike tena. Umpikie mwenyewe, kama ulivyozoea."

Marlys alisema sawa, bila kugeuka. Walipokwenda zao, alifunua foili, akala palepale kwenye sinki, amesimama. Viazi vilikuwa vimepoa.