Chati ya Shemeji

Ugonjwa ulikuwa bado uko mbali, unatajwa redioni tu, pale Sista Mkuu wa chumba cha wagonjwa mahututi alipoamua kwamba yeye hatakutwa amelala. Watu walimcheka. Hospitali nzima inapiga soga, yeye anapaka rangi sakafu. Alichora mstari wa njano kwenye kila mlango wa kila chumba cha vitanda viwili, kisha akatoa amri: nesi mmoja, chumba kimoja, na akishavaa vazi la kujikinga havuki mstari. Akivuka, avue, anawe, avae upya, ndipo arudi kwa wagonjwa wake. Dakika kumi na mbili. Alizipima mwenyewe kwa saa ya mkononi, mara nne, na mara zote nne kuna aliyesahau kufunga kamba za shingoni.

Ndivyo alivyo. Manesi walimwita Mama Kanuni, tena hawakujificha sana.

Sasa, mazoezi yanataka mgonjwa, na mgonjwa hakuwapo. Akaletwa mwanasesere wa plastiki, ukubwa wa mtu mzima, ambaye ukimfunga mashine ya kupumulia kifua kinapanda na kushuka, na macho hayafumbi. Akalazwa kitanda cha sita. Manesi wakambatiza jina la Shemeji, kwa sababu kila mmoja alimsingizia mwenzake kuwa ndiye mwenye mume.

"Shemeji ameamkaje leo?"

"Muulize mkewe, si huyo hapo anavaa glavu."

Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama Kanuni hakucheka. Alitaka Shemeji awe na faili kama mgonjwa yeyote, na chati, na kila baada ya saa nne nesi wa zamu aandike joto, mapigo ya moyo na oksijeni. Manesi wakauliza, tuandike nini na huyu ni plastiki? "Toeni kichwani," akasema, "ila ziwe namba za mtu anayeumwa. Mchezo sitaki." Basi wakatoa kichwani, manesi watatu, zamu tatu, siku tisa. Siku ya tisa akaamuru Shemeji afe saa kumi jioni, maana alitaka wajifunze kufunga maiti. Akafa. Wakamfunga, wakamfungua, faili likaingia kabatini.

Wiki tatu baadaye ugonjwa ukaingia mjini, na wale waliokuwa wakicheka wakaja kuuliza hiyo rangi ya njano inauzwa duka gani.

Jumatatu moja waliletwa wawili kwa mpigo. Mmoja alikuwa kinyozi mwenye kibanda mbele ya lango la hospitali, mtu wa maneno mengi, hata akihema alitaka kujua ni nani aliyemnyoa daktari vibaya vile. Akapewa kitanda cha tatu, chumba cha nesi mmoja hodari waliyemwita Kidoti. Wa pili alikuwa dobi wa hospitali hiyo hiyo, na dobi huyo ni mdogo wake Sista, tumbo moja.

Niseme wazi ili mtu asije akamhukumu juu juu. Mama yao alipofariki, Sista alikuwa na miaka kumi na saba na mdogo wake mitatu. Alimbeba mgongoni, alimsuka, alimpeleka shule, akasahau kuolewa. Na kazi ya udobi alimtafutia yeye, kwa kupiga magoti kwa wakubwa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu ni shuka za wagonjwa zilizomfikisha mdogo wake kitanda cha sita. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

"Dada," mdogo wake alimwambia kabla hawajamlaza usingizi wa dawa na kumpitisha mpira wa kupumulia kooni, "usiniwekee mtu mwenye mkono mzito."

"Nitakuhudumia mwenyewe."

"Si ndilo hilo ninalolisema."

Manesi wawili walikuwa wameshaugua, kwa hiyo Sista akakichukua chumba kile yeye mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Siku ya nne, mchana kweupe, jua limejaa dirishani, alikuwa anajaza chati ya mdogo wake. Joto, thelathini na tisa nukta nne. Mapigo, mia na kumi na nane. Kalamu ikasita. Ile mia na kumi na nane aliikumbuka. Alimgombeza nesi kwa ajili yake wakati wa mazoezi: kwa nini mia na kumi na nane, si mia na ishirini kama mtu anayetunga? Nesi akajibu, sijui Sista, ndiyo iliyokuja.

Zamu ilipokwisha alivua, akanawa, akafungua kabati, akalitoa faili la Shemeji. Akaziweka chati mbili sambamba juu ya meza. Siku ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Siku ya pili hiyo hiyo nesi wa mazoezi aliandika thelathini na tisa nukta moja, akakata, akaandika nukta saba. Kwenye chati ya mdogo wake, siku ya pili, Sista mwenyewe alikuwa ameandika nukta moja, akakata, akaandika nukta saba. Alikaa na karatasi zile mpaka msafishaji akaja kupiga deki chini ya miguu yake.

Kisha akaufunua ukurasa wa mwisho wa Shemeji. Siku ya tisa, saa tisa na dakika arobaini: *Mpira wa kooni umeziba. Hakuna aliyekuja.* Saa kumi kamili: *Amefariki.*

Mwandiko ulikuwa wa Kidoti. Akamwita.

"Mpira kuziba niliandika mimi," Kidoti akasema. "Ulisema afe, nikaona basi afe kwa sababu ya maana. Hayo maneno mengine..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Ni mwandiko wangu, Sista, siukatai. Ila sikumbuki kuyaandika. Hakuna aliyekuja vipi, na sote tulikuwa tumemzunguka?"

Daktari naye akaonyeshwa. Akasema ugonjwa mmoja una njia moja, wagonjwa lazima wafanane, na kwamba Sista amechoka. Sista akamwekea kidole kwenye ile namba iliyokatwa. Daktari aliiangalia kwa muda mrefu. Halafu akalirudisha faili kwa ncha za vidole na kumwambia akalale, wala sauti yake haikuwa ya mtu anayetania.

Hakulala. Siku ya tano akambadilishia mdogo wake mashine. Siku ya sita akamhamishia kitanda cha tano. Namba zikaja vilevile, moja baada ya nyingine, kana kwamba mtu anamsomea imla. Alianza kuogopa kuandika. Alikuwa akilipima joto, anafumba macho kwanza, ndipo anasoma. Na jioni, wakati mke wa kinyozi anakuja kusimama nyuma ya kioo cha korido na kuongea kwa simu ya ukutani, Sista alimjibu kwa mkato: hali yake ni ile ile, mama, tunajitahidi. Hakuwa na nafasi kichwani ya mgonjwa wa mtu mwingine. Aibu ilimshika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Halafu, siku ya nane, kitu kikamgeuka moyoni. Kama chati inasema mpira utaziba saa tisa na dakika arobaini, basi yeye anajua, na anayejua hashtukizwi. Imeandikwa hakuna aliyekuja. Vizuri. Yeye atakuja. Atakuwa amesimama pale na mpira mpya mkononi kabla ule wa zamani haujafikiria kuziba.

Siku ya tisa alipanga kila kitu tangu asubuhi: mpira, taa ya kumulikia koo, mashine ya kufyonza makohozi. Kilichobaki ni mikono. Kubadilisha mpira kunataka mikono minne, na daktari alikuwa ameitwa wodi ya wazazi kwa dharura, hajulikani atarudi saa ngapi. Saa tisa na nusu Sista akasimama kwenye mlango wake na kumpungia Kidoti, aliyekuwa mlangoni pa chumba cha kinyozi, hatua kumi na tano kutoka hapo.

"Njoo."

Kidoti akautazama mstari miguuni pake. "Sista, nina mgonjwa huku."

"Ametulia. Namwona kutoka hapa."

"Sista, mstari."

"Niliuchora mimi. Vuka."

Kidoti akavuka.

Walisimama kila mmoja upande wake wa kitanda, wakiitazama saa ya ukutani. Chumba kilikuwa kimya isipokuwa mashine. Sista alimshika mdogo wake kidole gumba, kama alivyokuwa akimshika barabarani. Dakika ya thelathini na nane. Thelathini na tisa. Mshale uliposimama kwenye arobaini, kengele ya mashine ikalia.

Mpira ulikuwa umeziba kweli, ute mzito kama gundi. Wakautoa, wakafyonza, Sista akamulika koo, mkono wake mzito ukawa mwepesi kuliko siku zote za maisha yake, mpira mpya ukapita. Kifua cha mdogo wake kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Oksijeni ikaanza kurudi: themanini, themanini na nne, tisini. Kidoti akaguna kwa furaha ndani ya barakoa. Sista akashika ukingo wa kitanda, akacheka na kulia kwa pamoja. Ameishinda karatasi.

Kengele haikunyamaza.

Akabonyeza kitufe cha kuizima. Ikaendelea kulia. Akabonyeza tena, akaitazama mashine vizuri, na mashine ya mdogo wake ilikuwa kimya, taa ya kijani. Wakatazamana na Kidoti. Ndipo waliposikia na ile sauti nyingine, ya mtu anayegonga kioo kwa ngumi. Nesi wa chumba kinachopakana na cha kinyozi alikuwa akigonga kwa dakika zote zile, anaonyesha kitanda cha tatu, anapiga kelele ambazo kioo kilizimeza. Hakuvuka. Alifanya kama alivyofundishwa.

Kidoti alikimbia na vazi lile lile, kanuni au hakuna kanuni. Sista akamfuata. Mpira wa kinyozi ulikuwa umeziba kwa ute ule ule. Waliubadilisha, wakamminya kifua, wakabadilishana mikono, jasho likawaingia machoni. Daktari alifika akihema, akachukua zamu yake, kisha akaacha. Akaitazama saa ya ukutani na kuisema kwa sauti, kama inavyotakiwa. Saa kumi kamili.

Chati ya kinyozi ilikuwa imening'inia miguuni pa kitanda. Sista akaichukua. Siku ya nne, thelathini na tisa nukta nne, mia na kumi na nane. Siku ya pili, nukta moja, imekatwa, nukta saba. Wameingia siku moja, wameumwa siku moja, na yeye kwa siku tano alikuwa akilinganisha karatasi mbili. Hii hakuwahi kuigusa.

Alivua, akanawa, hakuruka hatua hata moja. Mke wa kinyozi alikuwa tayari amesimama nyuma ya kioo, kanga begani, simu sikioni. Alikuwa amekwishaona pazia limevutwa. Sista akainua simu ya upande wake.

"Pole, mama. Ametutoka."

Yule mama hakulia papo hapo. Pumzi zake zilisikika ndani ya simu.

"Alikuwa na nani?" akauliza.

Jibu lililozoeleka Sista alikuwa nalo mdomoni, lile la kuwafariji wafiwa. Angelisema na hakuna ambaye angemsuta.

"Alikuwa peke yake," akasema. "Nesi wake nilimwondoa mimi."

"Ukampeleka wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

Mama yule akaweka kiganja juu ya kioo, si kwa hasira, ni mtu anayetafuta pa kuegemea.

"Amepona, huyo mdogo wako?"

"Yu hai," Sista akasema, na akashindwa kuikata simu.