Wali Unapoa

Verdell Gaskins alikuwa anapita zake Barabara ya Fordham, mtaani kwao Bronx, mfuko wa viazi vitamu mkononi, aliposikia mtu anamwita kutoka ndani ya duka la viatu.

"Verdell, Verdell, panda ghorofani, wali unapoa!"

Akasimama papo hapo. Sauti ile ilikuwa ya kaka yake Lamont, na Lamont yuko kaburini tangu mwaka themanini na tatu.

Akaingia. Ngoma inadunda, ukuta mzima umejaa raba nyeupe zenye mstari wa kijani, na kila boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: VERDELL. Ala!

"Karibu mama," alisema muuzaji, binti wa Kidominika mwenye jina lake kifuani, Yaritza. "Unamtafutia mjukuu?"

"Anayeimba hapo ni nani?"

Akatajiwa kijana fulani wa Kizungu, mwenye wimbo huo na raba zilizopewa jina lake, mtoto wa huko Minnesota, ambaye hata kuonekana Bronx hajawahi. "Verdell ni demu wake aliyemwacha," Yaritza akaeleza. "Na wali, amesema mwenyewe kwenye mahojiano, wali ni mapenzi."

"Wali ni wali," Verdell akasema. "Na shingo za nguruwe juu yake. Verdell ni mimi, na anayeniita ni kaka yangu."

Yaritza akacheka, kisha akaona Verdell hacheki. "Kuna ushahidi wowote, mama?"

Ushahidi! Atautoa wapi? Lamont alikuwa dijei wa mtaa, na, Mungu amrehemu kwa ujinga wake, ndiye aliyekuwa analoweka santuri bafuni mpaka karatasi za majina zibanduke, ili madijei wa mitaa mingine wasijue anapiga nini. Mama yao akitaka kuoga anakuta santuri zinaelea, na matusi yake yanasikika mpaka ghorofa ya chini. Kaseti alizorekodi akipiga muziki bustanini nazo hakuziandika hata herufi moja. Alipokufa akaja bwana mmoja mpole, mwenye miwani, akasema anakusanya kumbukumbu za mtaa. Mama akampa boksi zima, na soda ya baridi juu. Bwana huyo, kimya mpaka leo, kaseti zimeibukia kwenye wimbo wa watu. Miaka yote hiyo Verdell ameishi bila hata kikohozi cha kaka yake, na jamani, alikuwa amemkumbuka mno.

"Sitaki kesi, mwanangu," akasema. "Nataka kumsikia tu. Huyu mtoto wa watu anampigia makelele juu yake."

Yaritza akatupa jicho kwa bosi, akauanza wimbo upya. Kumbe mwanzoni kabisa, kabla yule kijana hajadakia, Lamont yuko peke yake. Mkwaruzo wa kaseti, watoto wa bustanini, halafu yeye, na mafua yake yasiyopona.

Siku hiyo iliyorekodiwa, vyombo vya muziki vilikuwa bustanini chini ya nyumba yao, vimeunganishwa na umeme wa nguzo ya taa. Mama alichungulia dirishani akaita mara tatu, Verdell anacheza, kajifanya kiziwi. Ndipo Lamont akashika kipaza sauti akamwita, bustani nzima isikie. Naye, msichana wa miaka kumi na minne, akajibu kwa sauti yake yote: "Nakujaaa! Niwekee mnofu!" Watu hawakuwa na mbavu.

Sasa, dukani, alisimama akalingojea lile jibu lake la usichana. Pale lilipokuwa, wameweka ngoma.

"Rudia," akasema.

Yaritza akarudia. Akarudia tena. Mara ya nne Verdell aliweka viazi chini, akafumba macho, Lamont akaita, naye akaitika mpaka kioo cha mbele kikatikisika: "Nakujaaa! Niwekee mnofu!"

Duka zima likageuka. Msichana mmoja aliyekuwa anajaribu raba, mguu mmoja umo, mwingine una soksi, akamgusa bega kwa upole.

"Hapo hapana maneno, bibi."

"Yalikuwapo," Verdell akasema, machozi yanamtoka wazi mbele za watu. Akamgeukia Yaritza. "Rudia mara moja tu, mwanangu. Nimsikie, halafu naenda zangu."