L na R

Daktari wa Homa Bay alisema wazi: ameona doa kwenye pafu la mama mkwe wangu, na asipopata picha ya zamani ya kulinganisha, Jumatatu anampasua. Doa likiwa la miaka na halijakua, hakuna kisu.

Picha ilikuwepo. Mama Selina Kerubo alipigwa eksirei miaka minne iliyopita katika zahanati yetu ya Uriri, na mimi, Emmaculate, ndiye ninayetunza kompyuta za zahanati zetu zote tatu: Suna, Uriri na Homa Bay. Tangu niolewe, mama huyu hunitania kwamba nimeajiriwa kubonyeza. Haya, nikabonyeze sasa.

Kufungua folda moja moja kungenila wiki nzima. Nikaandika skripti, programu fupi ya kuingia kwenye seva zote kwa pamoja na kusoma majina ya faili. Dakika mbili, imemaliza. Selina Kerubo, hakuna. Nikarudia. Hakuna. Nilitamani kuipiga teke ile mashine.

Nikampigia simu.

"Mama, kule Uriri uliwaambia unaitwa nani?"

"Si niliwaambia Serina. Kwani niko na majina ngapi, mwanangu?"

Miaka tisa nakula jikoni kwake, naambiwa "rete sukari" na "rara mapema", halafu namtafuta kwa herufi ambayo ulimi wake wa Kikisii hauna haja nayo. Arasa, karani wa Uriri, ni Mkisii mwenzake, aliandika alichosikia.

Ningetafuta "Serina" tu, yaishe. Lakini nilikuwa nimepandwa na hasira. Nikaongeza mstari mmoja, L na R zihesabiwe herufi moja, kisha nikaipa skripti orodha ya wagonjwa wote tuliowahi kuwaambia faili zao zimepotea.

Faili ya Mama ikatokea. Daktari aliziweka picha mbili bega kwa bega. Doa lilelile, ukubwa uleule. Mama akanishika mkono, akalia, nami nikalia. Nampenda yule mama, acha niseme tu.

Nikamweleza kuhusu ile orodha. Alipopangusa macho aliuliza, "Na hao wengine umepata wangapi?"

"Sitini na watatu."

"Wameambiwa?"

"Bado, mama."

"Soma majina."

Nikasoma. La nne lilikuwa la Elkana, jirani yake tuliyemzika Aprili. Mama akanisukumia simu.

"Mpigie wa tano," akasema.